Kengele Moja, Ndoo Tano

Wanaume wa rika langu mtaani kwetu wana starehe zinazoeleweka. Mmoja anafuga kuku wa kisasa, mwingine anabeti, wa tatu ana ugomvi wa Simba na Yanga unaoanza Jumamosi na kumalizika Ijumaa. Mimi napaka vitu metali kwa umeme, kibarazani nyuma ya jiko. Kwa sababu hiyo, nikipita kijiweni huulizwa hali yangu kwa sauti ya chini.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Unatafuta bakuli la plastiki ambalo mkeo hatalikumbuka. Unatia myeyusho wenye chumvi ya metali unayoitaka. Upande mmoja unatumbukiza kipande cha metali hiyo, umekifunga kwenye waya chanya wa chaja kuukuu ya simu. Upande wa pili unaning'iniza kitu unachotaka kukipamba, kwenye waya hasi. Umeme ukipita, metali inang'oka huku na kwenda kushika kule. Mtaliano Luigi Brugnatelli, rafiki yake Volta, alifanya hivyo mwaka 1805, akapaka medali za fedha dhahabu. Betri ya Volta ilikuwa imetangazwa mwaka 1800. Maana yake ni kwamba binadamu alikaa na betri miaka mitano tu kabla hajaanza kuitumia kujionyesha.

Kila mtu huanza na shaba, na shaba ina ukarimu wa kuponza. Mrututu, yaani chumvi ya shaba, unauzwa duka la pembejeo, kwa kuwa wakulima huutumia dhidi ya magonjwa ya ukungu, na waya wa shaba haukosekani kwa wauza vyuma chakavu pale Gerezani. Unachukua ufunguo wa shaba ya njano, unausugua kwa msasa, unauosha kwa sabuni, unaufunga, unawasha. Baada ya muda mfupi unatoka mwekundu, unang'aa. Watoto wanashangilia. Mke wangu mwenyewe alikubali kwamba "si mbaya". Hapo ndipo mtu anapojiona mhandisi na kuwaza metali ya pili, na hapo ndipo nyumba inapoingia matatani. Kukaa na metali moja hakuna shida. Shida yote iko kwenye kuhama.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ndiye aliyetuanzishia safari. Alidumbukiza msumari wa chuma kwenye bakuli la mrututu kabla sijawasha umeme, na msumari ukawa mwekundu hapo hapo.

"Mjomba, umeme wa nini? Mbona inajipaka yenyewe!"

Nikamwambia apitishe kidole. Shaba yote ikabaki kidoleni, na msumari ukarudi kuwa msumari.

Metali, nilimweleza, zina vyeo, na vyeo vyake hupimwa kwa volti. Fedha ipo juu, +0.80. Shaba inafuata, +0.34. Nikeli ipo chini ya sifuri, −0.25, halafu chuma, −0.44, na zinki inashika mkia, −0.76. Ukimtumbukiza wa chini katika maji ya aliye juu, wa chini anayeyuka na wa juu anakalia nafasi yake bila kungoja umeme wala kubisha hodi. Anakaa kwa pupa, unga mtupu, na hatua ya kwanza ya kufutwa ni kidole cha mtoto. Ndiyo sababu chuma hakiingizwi moja kwa moja kwenye mrututu. Kwanza kinavishwa tabaka la kitu kingine. Viwandani wana njia mbili maarufu: shaba iliyoyeyushwa kwa sianidi, au nikeli. Akina Elkington wa Birmingham, waliopata hataza yao mwaka 1840 na kuijaza Uingereza vijiko vya fedha ya juu juu, walitajirika kwa sianidi ya potasiamu. Nilipoanza kuisimulia habari hii mezani, mke wangu aliimalizia mwenyewe: "Haingii humu ndani."

Basi ikabaki nikeli.

Tanzania ina nikeli. Ipo Kabanga, Ngara, imelala ardhini kwa wingi wa kufanya mataifa yaje na suti. Jirani zake huko huko Kagera, Kyerwa, wana bati. Lakini nenda Kariakoo ukaulize nikeli ya kujaa kiganja, uone utakavyotazamwa. Duka la kwanza walinionyesha kitasa. Duka la pili walinionyesha njia ya kwenda duka la tatu. Mwishowe kijana mmoja muuza vipuri vya betri akanitolea vipande vyembamba vinavyotumika kuunganishia betri za kuchaji. "Hii nikeli tupu, mzee. Orijino."

Nilikuwa na sumaku mfukoni, maana mimi si mtoto. Nikaijaribu, ikanasa. Kijana akatabasamu, na alikuwa na haki: nikeli nayo hunaswa na sumaku, kwa hiyo kipimo kinachotenganisha chuma na karibu ulimwengu wote hapa hakina kazi. Nikalipa. Nyumbani nikaweka vipande viwili kwenye siki nyeupe yenye chumvi kidogo, nikapitisha umeme, nikasubiri maji yageuke kijani, rangi ya nikeli. Yakaanza kijani. Usiku yakawa ya manjano. Asubuhi nilikuwa na bakuli la kutu. Kumbe chini ya nikeli ile, nyembamba kuliko ahadi, alikuwa amejificha chuma. Mafundi wa betri wanajua dawa yake: kwaruza kipande kwa tupa, kilaze kwenye maji ya chumvi hadi kesho, kikitoa kutu kirudishe. Kijana wa Kariakoo nilimrudishia. Akakitazama kipande, akanitazama, akasema, "Mzee, wewe umekiloweka."

Nikeli halisi ilipopatikana hatimaye, kwa bei ambayo sijaitaja nyumbani, ndipo nilipojifunza tabia za wahamaji. Kubadilisha metali ni sawa na kubadilisha wapangaji katika chumba cha nyuma. Mpangaji wa zamani anaaga, anakushika mkono, anapakia godoro kwenye guta. Wiki moja baadaye unakuta kandambili zake chini ya kitanda, deni lake kwa Mangi, na rafiki yake anayeendelea kuja kuoga. Shaba ni hivyo hivyo. Kitu kikitoka kwenye mrututu kinatoka kimelowa, na tone lile unalolihamishia kwenye bakuli la nikeli ni mpangaji aliyerudi na funguo zake. Shaba kidogo tu ndani ya nikeli inatosha: mahali palipopaswa kuwa na mng'ao panatoka weusi, hasa kwenye mashimo na pembe za ndani ambako umeme unafika kwa uchovu. Zinki ikiingia humo inachora michirizi.

Kuna namna ya kumtoa. Unachukua bati la chuma tupu, lisilo na zinki, unalikunja mikunjo mikunjo, unalining'iniza mahali pa kitu cha kupakwa, kisha unapitisha umeme mdogo sana kwa saa nyingi. Shaba, kwa kuwa ina cheo, haina subira. Inakimbilia bati lile mbele ya nikeli. Bati linakuwa jeusi, na bakuli linakuwa safi.

Mke wangu alilikuta bati hilo alfajiri, taa ya chaja inawaka.

"Baba watoto, hiki unachokipaka usiku kucha ni cha nani?"

"Si cha mtu. Nikimaliza nakitupa."

"Umeme wote huu ni wa kitu cha kutupa?"

"Kinachafuka ili vingine viwe safi."

Alikaa kimya kidogo. "Hicho nakielewa," akasema, akaenda kuamsha watoto.

Kinga bora kuliko tiba hiyo ni kusuuza, na kusuuza ndiyo kazi yenyewe. Vitabu vinasema elektroni, lakini mwili wangu unasema ndoo. Baada ya shaba, ndoo mbili: ya kwanza inapokea uchafu, ya pili inathibitisha. Baada ya nikeli, mbili nyingine, zisizojuana na zile. Ya tano ni ya kuondoa sabuni kabla ya yote. Na haifai kuwa maji yoyote. Kwetu Dar es Salaam maji ya visima vingi yana chumvi. Bakuli la mrututu linayavumilia, lakini fedha haiyavumilii hata kidogo. Tone la maji hayo likikutana na naitreti ya fedha linageuka wingu jeupe la kloridi, na pesa yako inazama taratibu ukiitazama. Ndiyo maana mambo ya fedha niliyaacha mapema, ingawa Faraday, aliyeweka kanuni za kazi hii mwaka 1834, anaipendelea waziwazi: ampea moja kwa saa moja inakupa shaba gramu 1.19 na nikeli zisizofika 1.1, lakini fedha gramu 4. Fedha inachukua elektroni moja moja, shaba inadai mbili mbili, na atomu ya fedha ni nzito zaidi. Umeme ni ule ule.

Kwa hiyo nanunua maji ya betri yasiyo na asidi, na masika nakinga ya mvua. Niliwahi kuwa na ndoo moja ya mvua ya Aprili, nimeichuja kwa kitambaa mara mbili, nimeifunika, nimeiandikia kwa kalamu ya wino mzito: NIKELI – KUSUUZIA MARA YA MWISHO. Siku hiyo mabomba yalikuwa yamekauka. Nilirudi kazini nikakuta maharage yanachemka. Yaliiva upesi ajabu, maana maji laini huyaivisha maharage haraka kuliko maji ya kisima, na familia nzima ilisifu. Mimi nilikula nikihesabu vijiko. Wakati ndoo za kuoga zilipopungua, na za kupikia zikapungua, zangu tano ziliitwa mkutanoni. Iliamuliwa kwamba ndoo zangu ni za familia zikiwa hazijatumika na ni za kwangu peke yangu zikishatumika. Sijaona sheria iliyoandikwa kwa ustadi zaidi.

Kuna adui mwingine ambaye hakuna ndoo inayomtosha. Nikeli haipendi kukatishwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, uso wake unavaa utandu mwembamba sana wa oksidi, usioonekana kwa macho. Umeme ukirudi, nikeli mpya inalala juu ya utandu ule bila kuushika. Nje inapendeza, ndani pana mapengo ya ndoa.

Baba mkwe aliniletea bizimu ya mkanda wake, shaba ya njano ya zamani, iliyochubuka. "Mwanangu, nasikia unang'arisha vitu. Jumamosi tuna harusi." Nikaipitisha kwenye shaba kufunika mikwaruzo, nikaisuuza, nikaipeleka kwenye nikeli. Katikati mtaa mzima ukaingia giza. Watoto wakapiga ile kelele yao. Umeme uliporudi, chaja ikawaka yenyewe na kuendelea na kazi bila kuniuliza. Nikatoa bizimu inayong'aa kiasi kwamba baba mkwe alichania nywele ndani yake.

Harusini alitembea amefungua koti makusudi. Pilau ilipokuja aliketi, tumbo likaegemea bizimu, na nikeli ikaamua. Ganda zima liliinuka, likapinda, likadondokea kwenye kachumbari ya shangazi wa bwana harusi. Shangazi aliliokota, akaligeuza kwenye mwanga, akauliza kwa upole kama mpishi anakosa jino. Baba mkwe hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba tangu avae bizimu ile alikuwa anawashwa chini ya kitovu, na sasa kuwashwa kumekwisha. Ni kweli kwamba nikeli huwawasha baadhi ya watu, na bizimu za mikanda zina sifa hiyo. Kwa hiyo ukilitazama jambo kwa upana, kukatika kwa umeme kulimponya.

Zinki ndiyo iliyonipeleka mbele ya serikali. Inapatikana bila hata kwenda Kariakoo: betri za redio za bei nafuu zina ganda la zinki, ukishalisafisha ule unga mweusi unaotapakaa hadi kwenye shuka. Inapakika kwa upole, inakinga chuma kutu, haina makuu. Siku moja nilipaka zinki kipande cha shaba, kikatoka cheupe cha kijivu. Kisha, mbele ya mpwa wangu na wenzake wawili waliokuja "kujisomea", nikakipitisha juu ya moto mdogo wa jiko la gesi. Joto likazichanganya metali mbili juu ya uso wake, na kipande kikageuka rangi ya dhahabu mbele ya macho yao. Ni shaba ya njano tu, ile ile ya kufuli na mabomba. Nililisema hilo, kwa sauti, mara nyingi. Lakini tayari mmoja wa wale vijana alikuwa ameshafika getini.

Kufikia magharibi habari ilikuwa imefika kijiweni ikiwa imenenepa. Yule mzee wa nyuma ya jiko anageuza shaba kuwa dhahabu. Watu wanasafiri hadi Geita, kumbe dhahabu iko jirani. Mama mmoja alileta sufuria. Vijana wa bodaboda walileta eksozi wakitaka kromu, kwa hoja kwamba anayeweza dhahabu hawezi kushindwa kromu. Nikawaeleza kwamba kromu ya kwenye myeyusho wa kawaida wa kupakia ni kromu ya daraja la sita, sumu inayosababisha saratani, na kwamba hata anayetumbukiza kijiko cha chuma kisichoshika kutu kwenye waya chanya, akidhani amepata njia ya mkato, anaweza kuitengeneza sumu hiyo hiyo ndani ya bakuli lake. Wakanisikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha mmoja akauliza, "Kwa hiyo bei gani, mzee?"

Mjumbe alifika asubuhi. Amevaa kofia, ana daftari, baiskeli ameiegemeza ukutani. Nikamwamkia, akaitikia kwa sauti ya kikazi.

"Kuna taarifa za madini," akasema.

Nikamwonyesha kipande. Nikakikata kwa koleo, akaona wekundu ndani. Akaandika. Akazunguka bakuli, akainamia maji ya bluu.

"Na haya unamwaga wapi?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kibarazani pale, maana mrututu unaua samaki na kuharibu udongo. Nikamwonyesha ndoo ya taka: nikimaliza natia ndani yake nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Chuma kina cheo cha chini, kinayeyuka. Shaba inatoka majini na kukalia nyuzi, ule unga wa msumari wa mpwa wangu. Naendelea kuongeza nyuzi mpaka rangi ya bluu iondoke kabisa, halafu nachuja masalia na kuyahifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Upungufu ule ule uliotusumbua mwanzoni ndio unaosafisha mwishoni. Mjumbe aliandika hilo pia, kwa mwandiko mzuri zaidi.

Akafunga daftari. Akatazama getini, akatazama jikoni, kisha akaenda kwenye baiskeli yake na kurudi na kengele. Chuma, imeota kutu, mlio umebaki nusu.

"Hii inaweza kuwa nyeupe juu, na shaba hapa chini pembeni?"

Nikaishika. Chuma: kwa hiyo nikeli kwanza. Juu yake shaba yote. Halafu ukingo wa chini unafunikwa kwa rangi ya kucha, ambayo binti yangu anayo, na sehemu ya juu inarudi kwenye nikeli. Kuhama mara mbili.

"Inawezekana, mjumbe. Umeme ni saa tatu tu, saa moja kila tabaka."

"Basi nipitie jioni?"

"Hizo ni saa za umeme. Kila inapohama naisuuza mara mbili, na ndoo zangu zile pale."

Akazitazama ndoo tano, zimepinduliwa, kavu tangu Jumapili.

"Maji yanatoka lini?" akauliza.

"Mimi nilidhani umekuja kuniambia."

Alikaa na kengele mkononi kwa muda. Kisha akafungua tena daftari, ukurasa mpya. Tangu siku hiyo mjumbe wetu analifuatilia suala la maji kwa bidii ambayo mtaa huu haujawahi kuiona. Anapiga simu, anaandika barua, amekwenda mwenyewe ofisi ya maji kwa baiskeli. Majirani wanamsifu na wanasema safari ijayo watampa kura tena. Wanashangaa tu kwamba kila akipita kwenye umati anaomba njia kwa kupiga mluzi.